Mkaguzi Aliyekataa Nafasi Tupu

Alikuwa na swali moja alilomuuliza kila mtu, kuanzia mpakuaji wa samaki hadi Meneja mwenyewe: "Umeisoma, au umeikumbuka?"

Ukimwambia chumba cha ubaridi kiko nyuzi mbili, swali lilikuwa hilo. Ukimwambia saa ni nne na robo, hilo hilo. Alikutazama juu ya miwani yake, ile iliyofungwa kamba ya kiatu shingoni, mpaka ukajikuta umerudi mlangoni kwenda kusoma upya. Wengi walimchukia kwa swali hilo. Mimi nilimchukia kwa miezi mitatu hivi ya mwanzo. Baadaye nilimpenda kama mama yangu, na baada ya kumpenda nikamfanyia jambo ambalo nitalieleza hapa bila kulipamba.

Tulimwita Mkaguzi. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi, na mimi ndiye niliyezishika karatasi hizo, lakini hakuna aliyelitumia. Kiwanda chetu kilikuwa kandokando ya ziwa, kimoja kati ya vile vya kukata minofu ya sangara vilivyoota Mwanza miaka ya tisini biashara ilipofunguliwa milango. Mashirika ya umma yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, na watu wake walikuja kwetu na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki, wakitafuta kazi yoyote. Tulikuwa na mhasibu wa zamani akipima barafu, na mwalimu wa ufundi akiosha makreti. Mkaguzi alitoka idara ya hali ya hewa.

Kazi yake huko ilikuwa kusoma vipimajoto na kupima mvua iliyoingia kwenye chombo, kila siku, saa zile zile, kwa miaka ambayo hakupenda kuitaja. Siku orodha ya waliopunguzwa kazini ilipobandikwa ukutani, wenzake walisoma majina yao wakakaa chini palepale. Yeye aliisoma yote, kutoka juu hadi chini, kisha akaenda kugonga mlango wa mkubwa wake.

"Mzee, ile orodha ina kosa," alimwambia.

Mkubwa akajitayarisha kwa kilio. "Najua inauma, mama, lakini imetoka juu."

"Siongelei jina langu. Namba kumi na saba imeandikwa mara mbili. Kwa hiyo hamjui mmepunguza watu wangapi."

Alinisimulia hayo bila kucheka. Nilipocheka mimi, alinitazama kana kwamba nimemtemea mate.

Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta wa kiwanda. Nilikuwa nimesoma Dar es Salaam mwaka mmoja na nusu, na lugha ya kuandikia kurasa za tovuti nilijifunza mwenyewe, kwenye rundo la karatasi nililochapisha na kulibana kwa waya. Mwanza nzima wakati ule watu wa aina yangu tungeweza kukaa kwenye benchi moja, na hilo lilinipa kiburi. Kiwanda kiliniajiri kwa sababu wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameanza kuwa wakali. Walitaka kila shehena, kabla haijawafikia, waone kwenye ukurasa wetu joto la samaki lilivyokuwa walipopokelewa, walipokatwa na walipopakiwa. Basi nikatengeneza fomu. Karani angeandika joto kwenye visanduku, angebonyeza, na programu ingelihifadhi na kulionyesha.

Ilinichukua wiki mbili. Meneja alifurahi, akawaleta wakubwa kuitazama, na mwisho akamleta Mkaguzi, kwa heshima tu, maana ndiye aliyehusika na vipimo.

"Shikamoo mama," nilisema, nikampisha kiti.

"Marahaba, baba. Niandike wapi?"

Nikamwonyesha kisanduku cha joto. Akatafuta kwenye kibodi herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, akaandika: samaki. Kisha akabonyeza. Kwenye skrini yakatokea maneno niliyoyatunga mwenyewe: Asante, taarifa imehifadhiwa. Tukafungua ukurasa ambao wanunuzi wangeuona. Mahali pa joto palikuwa na sifuri.

"Nimeandika samaki," alisema. "Mashine yako imesema sifuri. Sifuri kaipata wapi?"

Nikamweleza, huku masikio yakiwaka moto mbele ya Meneja. Kila kinachoandikwa kwenye fomu huingia kwanza kama maneno, hata kama ni namba. Programu ikihitaji namba, ile lugha huyageuza maneno kuwa namba yenyewe, kwa upole mno, bila kulalamika. Ikikuta tarakimu mwanzoni inazichukua na kutupa kinachofuata. Isipokuta tarakimu, inasema sifuri.

"Na nisipoandika kitu?"

"Sifuri pia."

Akavua miwani. "Samaki wa barafu anatakiwa awe digrii ngapi, baba?"

Nilijua. Kiwanda kizima kilijua. Sifuri, au juu yake kidogo.

"Kwa hiyo mtu asipopima kabisa," alisema, "mashine yako inamwandikia samaki mzuri kuliko wote."

Meneja alicheka, akasema ni mambo madogo, yatarekebishwa. Mkaguzi hakucheka. Alivuta kiti kingine akakaa kando yangu, na hakuondoka mpaka jioni. Alijaribu kila upuuzi ambao mkono wa mtu aliyechoka ungeweza kuuandika. Aliandika 4c. Aliandika mkato mahali pa nukta. Aliandika nukta mbili. Aliandika alama ya kutoa peke yake, kisha akaiandika baada ya namba. Aliandika arobaini na tano mahali pa nne na nusu. Fomu yangu ilimshukuru kila mara.

Ndivyo tulivyoanza kuwa marafiki. Kwa siku kadhaa alikuja kila alipomaliza zamu, akanifundisha kukagua namba, yeye ambaye hakujua mstari hata mmoja wa programu. Kwanza, alisema, uliza kama kuna kitu kilichoandikwa. Hilo ni swali la peke yake, lisichanganywe na mengine. Pili, pita herufi moja moja: kila moja iwe tarakimu, isipokuwa nukta moja tu, na alama ya kutoa ikae mwanzoni tu. Tatu, baada ya kujua kwamba ni namba, uliza kama ni namba ya samaki. Samaki wa nyuzi arobaini na tano amepikwa.

Juu ya mkato tulibishana. Mimi nilitaka programu iubadilishe kuwa nukta yenyewe, karani asisumbuliwe.

"Usimsahihishie," alisema. "Mrudishie."

"Lakini mama, inaonekana wazi alitaka kuandika nini."

"Leo unamkisia kwenye nukta. Kesho utamkisia kwenye namba. Mrudishie aandike yeye."

Katika daftari la mvua, aliniambia, kulikuwa na namna mbili halali za kujaza siku kavu. Sifuri maana yake nimekwenda, nimeinama, nimeangalia, hakuna maji. Kistari maana yake sikwenda. "Ukiacha wazi," alisema, "hata wewe mwenyewe baada ya mwezi hujui kama ulikwenda." Kwa hiyo fomu yetu ikapata kitufe cha pili, kilichoandikwa Haikupimwa, na ukibonyeza hicho ukurasa ulionyesha kistari na shehena haikuruhusiwa kutoka. Meneja hakukipenda kitufe hicho tangu siku ya kwanza.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mgumu, na ugumu wake uliumiza watu. Namkumbuka wakala mmoja aliyeleta samaki kwa mtumbwi kutoka visiwani. Injini ilimharibikia njiani, barafu ikaisha. Mkaguzi alimchoma samaki wa kwanza kwa kipimajoto, wa pili, wa kumi, akaandika, akafunga daftari. Yule mtu alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji.

"Mama, nimekopa mafuta, nimekopa nyavu. Nina watoto."

"Na mimi nina kipimajoto," alisema, akapita.

Samaki wale waliishia Mwaloni, soko la samaki la ufukweni, kwa wakaushaji. Nilimtazama Mkaguzi siku ile nikitafuta dalili yoyote ya majuto, sikuiona. Alikwenda kula maharage yake. Alikula maharage kila siku, yeye anayefanya kazi katikati ya samaki wa tani na tani, na hata mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, ambayo wafanyakazi wote tulibeba nyumbani, hakuwahi kuyagusa. Alisema hawezi kula kitu alichoshinda akikikataa.

Lakini kwa karani wa mapokezi alikuwa mpole kupita kiasi. Huyu alikuwa mzee aliyepiga taipu miaka mingi kwenye chama cha ushirika, na fomu yangu mpya ilimkataa mara kumi kwa siku. Niliamini ni mzito wa kichwa. Mkaguzi alisimama nyuma yake nusu saa akitazama vidole vyake, kisha akaja kuniita. Yule mzee alikuwa anaandika herufi ya l mahali pa moja, na herufi ya O mahali pa sifuri. Taipureta aliyojifunzia haikuwa na kitufe cha moja. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameandika hivyo na karatasi zikasomeka.

"Macho yanakubali, mashine haikubali," Mkaguzi alimweleza. "Si kosa lako, kaka. Sema kwa sauti, halafu tafuta juu, mstari wa juu kabisa."

"Sifuri nukta mbiri," mzee alisoma, kwa ulimi wake wa nyumbani.

"Mbili. Haya, iko wapi mbili?"

Wakafanya hivyo wiki nzima, kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka vidole vya mzee vikahama.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Saa yake ya mkononi aliitanguliza dakika ishirini makusudi, na ukimuuliza saa alipiga hesabu ya kurudi nyuma kabla ya kukujibu. Aliimba kwaya kanisani kwake Kirumba, na wanakwaya wenzake wa pale kiwandani waliniambia kwa siri kwamba hakuwahi kushika sauti hata siku moja. Alizunguka juu na chini ya wimbo kama nzi, na hakujua. Mtu aliyesikia tofauti ya nusu nyuzi kwenye kiganja chake hakusikia kwamba ameacha wimbo.

Na alidanganya umri.

Niliona hilo nilipokuwa naingiza orodha ya wafanyakazi kwenye kompyuta. Katika fomu za miaka mitatu mfululizo, kwa mwandiko wake ule safi, alikuwa ameandika kwamba ana miaka arobaini na mitatu. Programu yangu, kwa shaka ile ile aliyonifundisha, ililinganisha na kunionyesha. Nikamfuata nikicheka.

"Mkaguzi, umeisoma au umeikumbuka?"

Uso wake ulibadilika. Alifunga mlango. "Kazi hii walitaka mtu asiyezidi arobaini na mitano," alisema. "Nilipokuja nilikuwa nimeshapita. Walionipunguza hali ya hewa hawakuniuliza ninajua nini, waliniuliza nina miaka mingapi. Ile si kipimo, baba. Ile ni siasa."

"Sitasema, mama."

"Najua hutasema."

Mwaka uliofuata dada yake aliugua, ng'ambo, Sengerema. Mkaguzi aliomba ruhusa, akavuka kwa feri kwenda kumuuguza. Hakuwa amewahi kukosa kazi hata siku moja. Kabla ya kuondoka alipita kwangu. Chini ya kila ukurasa wa shehena, programu iliandika yenyewe maneno Imekaguliwa na, kisha jina lake, kwa sababu ndivyo wanunuzi walivyotaka. Akaniuliza kama jina litaendelea kutokea wakati hayupo. Nikamwambia nitaweka la msaidizi wake. Nilikusudia kweli. Halafu ikaja kazi nyingine, kisha nyingine, na jina likabaki.

Siku ya nne au ya tano tangu aondoke, kipimajoto cha chumba cha kupakia kiliharibika. Hakikuwapo cha akiba. Karani hakuwa na cha kuandika, na fomu ilimkataa: Jaza joto, au bonyeza Haikupimwa. Angebonyeza, shehena isingetoka. Malori yalikuwa yanaunguruma nje, yakisubiri kwenda uwanja wa ndege. Meneja aliingia chumbani kwangu bila kubisha.

"Toa hicho kizuizi chako."

"Meneja, Mkaguzi alisema…"

"Mkaguzi yuko Sengerema. Ndege iko hapa. Samaki wana barafu, nimewaona kwa macho yangu. Toa, kesho utarudisha."

Ilikuwa mistari miwili. Nikaifuta. Sikuhitaji hata dakika moja. Visanduku vya joto vikaachwa wazi, ile lugha ikafanya upole wake, na wanunuzi wakaona sifuri, sifuri, sifuri, na chini yake jina la mwanamke aliyekuwa anamlisha dada yake uji ng'ambo ya ziwa.

Kesho yake sikurudisha. Kipimajoto kipya kilichelewa, na makarani walishagundua kwamba ukiacha wazi kazi inakwenda haraka. Hata yule mzee wa taipureta alianza kuacha wazi. Aliniuliza mara moja, kwa aibu, kama ni ruhusa. Nikamwambia ni ruhusa ya Meneja. Zikapita wiki mbili na zaidi.

Mkaguzi alirudi akiwa amevaa nguo nyeusi. Dada yake alikuwa amefariki. Wiki ile ile ikaja taarifa kwamba shehena yetu imefika Ulaya ikiwa imeharibika, na pamoja na taarifa zikaja kurasa zetu, zimechapishwa, zenye sifuri zilizopangana na jina lake. Wanunuzi walisema tumetunga vipimo. Wakasimamisha kununua.

Alikuja chumbani kwangu asubuhi iliyofuata. Hakusalimu. Alikaa kwenye kile kiti chake, akafungua fomu, akaacha kisanduku cha joto kama kilivyo, akabonyeza.

Asante, taarifa imehifadhiwa.

"Imekubali," alisema.

"Nitaangalia, mama. Labda ni kosa la seva."

Aliweka mikono yake juu ya mapaja. Alikuwa amekonda. Kisha akasema, "Angalia," akatoka.

Nilikuwa na siku tatu kabla ya kikao. Siku ya kwanza nilirudisha ile mistari miwili, asije mtu akaona. Siku ya pili Meneja aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza nikiwa bado nimesimama: "Wewe ndiye unayeshika orodha ya wafanyakazi. Huyu mama hana doa lolote la uongo wa namba?"

Nilijua anatafuta nini. Nilijua pia kwamba kama hapati pa kumshika yeye, atakuja kunishika mimi. Nikamwambia habari ya arobaini na tatu.

Kikao kilikuwa kifupi. Waliweka fomu tatu mezani, wakamuuliza kama mwandiko ni wake. Akasema ni wake. Wakamuuliza, mtu anayedanganya umri wake miaka mitatu anashindwa nini kudanganya joto la samaki. Alisema hakuwapo kazini. Wakasema jina lake lilikuwapo. Nilikuwa nimekaa pembeni kama mtaalamu, na waliponiuliza kama fomu inaweza kupokea nafasi tupu, nilijibu kwamba haiwezi. Siku ile, baada ya kazi yangu ya siku ya kwanza, hilo lilikuwa kweli. Mkaguzi aligeuka akanitazama. Akageuka tena mara ya pili. Kisha akavaa miwani yake, akasoma barua ya kufukuzwa kutoka juu hadi chini, akaomba kalamu, akatia sahihi.

Sehemu ya pili ya kukatia minofu ilifungwa mwezi huo. Wanawake waliofanya kazi humo waliambiwa langoni kwamba Mkaguzi ndiye aliyewaponza. Baadhi walikwenda Kirumba kwenye chumba alichopanga, wakapiga kelele mlangoni. Alihama bila kuaga. Kwaya ilimwondoa kwenye orodha yake.

Mimi nilibaki pale miaka mingine, kisha nikajitegemea, nikawa natengeneza kompyuta za maofisi. Sikumtafuta. Kama ningekuwa nimemtafuta ningelisema hapa.

Nilikutana naye kwa sababu ya kazi. Ofisi moja ya Sengerema iliniita kuweka mashine zao sawa. Niliposhuka kwenye feri ng'ambo, pale Kamanga, na kupanda gari kwenda mjini, nilikuwa nafikiria nyaya na mashine tu. Nilimaliza mapema. Katika njia ya kurudi stendi, kwenye uwanja wa nyumba yenye bati jekundu, nikamwona ameketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Mwenzake, mwanamke wa makamo, alikuwa anapepeta pembeni. Nilitaka kupita. Miguu ilishapita, kusema kweli, hatua tano au sita, ndipo nikarudi.

"Shikamoo mama."

Aliinua macho. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. "Marahaba," alisema, na hakuongeza baba.

"Unanikumbuka?"

"Keti. Unaniwekea kivuli kwenye mahindi."

Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa miaka mingi, na yote yalianza na Meneja. Niliyasema vibaya. Nilisema Meneja aliniamuru, nilisema ndege, malori, kipimajoto. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza, aliuliza:

"Mistari mingapi?"

"Miwili."

"Nilidhani ni mingi."

"Mama, kwa nini hukusema kikaoni? Ulijaribu fomu mbele yangu. Ulijua."

"Ningesema, wangesema kikongwe mwongo wa umri anamsingizia kijana. Neno lilitakiwa litoke kwako. Nilikutazama mara mbili." Alitupa gunzi kwenye kapu. "Mara ya kwanza nilidhani hukuniona."

Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Msamaha mimi nitaufanyia nini?" alisema. "Wanawake wale waliolia mlangoni kwangu umewaona? Wengine bado wako Mwaloni, wanakausha dagaa. Umekwenda hata siku moja?"

"Hapana, mama."

"Hapa nilipo, watoto wa dada yangu wanajua nilifukuzwa kwa kughushi. Kanisani wanajua. Sadaka wananiacha nitoe, lakini kuihesabu, hawaniachi." Akamgeukia mwenzake. "Mke wa mtoto wa dada yangu, huyu. Niletee daftari la mtoto na kalamu."

Yule mwanamke alileta. Mkaguzi alichana karatasi ya katikati, akaiweka juu ya ungo mwingine, akaniwekea mbele.

"Andika."

Niliandika. Mkono ulikuwa mzito, mimi niliyezoea kibodi. Niliandika jina langu na kazi niliyokuwa nayo. Niliandika kwamba mimi ndiye niliyefuta ukaguzi wa namba kwa amri ya Meneja, wakati Mkaguzi akiwa anauguza dada yake, na kwamba jina lake liliwekwa na programu, si na yeye. Niliandika kwamba nilirudisha ukaguzi kabla ya kikao na kikaoni nikasema nilichosema. Niliandika habari ya umri wake, jinsi ilivyotoka kwake kuja kwangu na kutoka kwangu kwenda kwa Meneja. Nikatia sahihi.

"Soma kwa sauti," alisema. "Huyu asikie."

Nikasoma. Mtoto alipita akiendesha mbuzi, kuku wakawa wanaiba mahindi pembezoni mwa mkeka na hakuna aliyewafukuza. Nilipofika mwisho, yule mwanamke alikuwa ameweka ungo wake chini, amenikodolea macho. Miaka yote alikuwa ameishi na mwanamke huyu, amempikia, na amemfichia funguo za kabati.

"Kwa hiyo mama alifukuzwa," alisema taratibu. "Na wewe, walikupa nini?"

Nilikunja karatasi, nikaikunjua.

"Walinipandisha cheo," nilisema. "Mkuu wa kompyuta. Mwezi ule ule."

Mwanamke yule aliziba mdomo kwa kanga. Mkaguzi hakuziba chochote. Alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akaipitia kutoka juu hadi chini kwa kidole, miwani ikiwa imeteremka puani. Kisha akairudisha mbele yangu, na kalamu juu yake.

"Hilo halimo humu," alisema. "Andika."

Nikainama, nikaandika.